Napanga nyumba ya matofali Farnham: nje imenyooka kama rula, ndani imepinda. Niamini upande upi?

Mpangaji_WestStreet

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Niko Farnham, Surrey, hapa Uingereza, mwaka wa pili huu. Nahudumia wazee, zamu ya usiku, kwa hiyo mji huu naujua alfajiri kuliko mchana. Basi linanishusha chini ya Castle Street, ule mtaa mpana unaopanda moja kwa moja hadi kwenye ngome, halafu natembea kwenda West Street ninakoishi. Jua likichomoza, nyumba za upande mmoja wa Castle Street zinawaka rangi ya chungwa kwa kama dakika kumi, kisha zinazimika na kurudi kuwa matofali mekundu ya kila siku. Nimesimama pale na chupa ya maziwa mkononi mara nyingi mpaka wazoa taka wananisalimia.

Swali langu linahusu nyumba yenyewe ninayopanga. Chumba changu ni cha juu kabisa. Ukiitazama nyumba ukiwa barabarani ni ya heshima: mlango katikati, madirisha yamepangwa sawasawa, juu kuna kikuta kinachoficha paa. Mwenye nyumba anasema ni "ya Kijoji", ya enzi za wafalme walioitwa George. Ukiingia ndani ni habari nyingine. Dari inanigusa utosi, na mimi si mrefu. Boriti ni nyeusi, nene, zimepinda. Nikiweka chungwa sakafuni karibu na dohani linaanza safari lenyewe na kuishia mguuni mwa kitanda. Na dirisha langu, jamani, kizingiti chake cha chini kiko usawa wa kifundo cha mguu! Ni kama dirisha la nyumba nyingine limeletwa kwangu kwa makosa.

Mambo mengine yanayonisumbua:

Matofali ya mbele si mekundu yote. Kila baada ya tofali jekundu kuna dogo la kijivu linalong'aa kama limepakwa mafuta, kwa hiyo ukuta mzima unaonekana kama ubao wa drafti. Je, ni rangi walipaka?

Dirisha moja la juu limezibwa kwa matofali. Mwenye nyumba anasema ni kodi ya madirisha.

Juu ya mlango kuna kibati cha madini ya risasi chenye uso wa jua na tarakimu chini yake. Siyo pambo la dukani, ni kizee.

La mwisho ndilo linaloniuma. Miaka mitatu kabla sijahamia, mwenye nyumba alimweka fundi akajaza saruji kwenye viungo vya matofali ya chini, kuanzia usawa wa barabara hadi kifuani. Sasa matofali hayo yanabanduka sura. Kila Jumamosi nafagia unga mwekundu pale mlangoni, koleo zima. Juu, ambako hakugusa, matofali ni mazima kabisa. Saruji si ndiyo imara? Imekuwaje?

MzeeWaReli

Hilo dirisha halina mjadala. Kodi ya madirisha ilianza 1696, ikafutwa 1851. Watu waliziba madirisha wasilipe. Uingereza nzima imejaa madirisha vipofu, na kila ukiona moja jua ni serikali ilikuwa inatoza mwanga wa jua.

Kuhusu nyumba kupinda, nyumba ya miaka mia tatu isipopinda ndiyo ya kutilia shaka.

FundiChokaa

Marahaba binti. Mzee mwenzangu hapo juu ana haraka, nitamrudia.

Mimi ni muashi. Miaka kumi na tisa nakula kwa chokaa, Surrey na Sussex, majengo ya zamani tu. Nyumba yako sijaiona lakini nimeshazigusa dada zake. Kwa maelezo yako, uso ni wa karne ya 18 na mwili ni wa zamani zaidi. Nyumba imevalishwa.

London iliungua 1666, na sheria ya 1667 ikaamuru City, ule moyo wa zamani wa London, ijengwe upya kwa tofali au jiwe. Farnham haikuhusika na sheria hiyo hata kidogo. Ila mitindo ina miguu. Mwenye duka la West Street akienda London anaona nyumba bapa, nyekundu, zenye madirisha yaliyopangwa kama askari. Akirudi anaitazama ya kwake ya mbao za mwaloni na kuta za fito na udongo, ghorofa ya juu imejitokeza juu ya barabara, anaona haya. Na pesa zilikuwepo: mji huu ulikuwa soko kubwa la nafaka, kisha hopsi, ile mimea ya kutilia bia ladha. Lakini pesa za kubomoa nyumba nzima na kujenga upya ni kitu kingine. Basi anaacha mifupa ya mwaloni palepale na kujenga ukuta wa tofali mbele. Wengine walijaza chini ya ghorofa iliyojitokeza, wengine walikata mbao za mbele kabisa. Kikuta cha juu ulichokitaja kazi yake ni kuficha paa la zamani lenye mteremko mkali, maana mteremko ule ungetoa siri.

Ndiyo maana dirisha lako liko kwenye kifundo. Aliyechora uso alipanga madirisha kwa macho ya mtu wa barabarani. Sakafu zilikuwa zimeshawekwa na watu wengine, labda miaka mia mbili kabla yake, na hakuna aliyeziuliza. Na chungwa lako linakwenda mbali na dohani kwa sababu dohani ni rundo la matofali lililokaa kwenye msingi wake, halitikisiki. Mbao zinazolizunguka ndizo zilizoshuka taratibu.

Matofali ya kijivu hayakupakwa chochote. Tanuri lilichochewa kwa kuni. Moshi na majivu ya kuni vina magadi ndani yake, na kwenye joto kali magadi hukutana na mchanga ulio kwenye udongo, vikatengeneza ngozi ya kioo. Tofali lililopangwa kichwa chake kikielekea motoni lilitoka na kichwa cha kijivu au buluu, ubavu wake mwekundu. Fundi mjinga angeyatupa. Wale waliyachambua, wakayaweka kando, wakayapanga kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Tofali lina ubavu, ule urefu wake, na lina kichwa, yaani ncha. Kwenye kozi moja, yaani safu moja ya matofali, ukiona ubavu, kichwa, ubavu, kichwa, huo ni mfungo, yaani mpangilio, wa Kiflemi, ambao Waingereza waliupenda kuliko mwingine wowote kwa nyumba za karne ya 18. Ukiona kozi nzima ya ubavu, juu yake kozi nzima ya vichwa, huo ni mfungo wa Kiingereza, wa zamani zaidi kwa ujumla na wenye nguvu zaidi. Kichwa kinatakiwa kiwe kimeingia ndani ya ukuta kuufunga. Nimesema kinatakiwa. Nyumba iliyovalishwa mara nyingi ina ngozi ya nusu tofali tu, inchi nne na nusu, na vile vichwa vya kijivu unavyovisifu ni nusu za matofali yaliyovunjwa, yakabandikwa ili yafanane na kichwa. Nimefungua kuta za namna hiyo. Kwa nje ni ukuta wa jumba la askofu, kwa ndani ngozi imeshikwa kwenye mbao kwa misumari na dua.

Sasa kazi kwako. Chukua tepu ya fundi cherehani, unipimie:

Uso wa tofali hadi fremu ya dirisha, kwa nje. Unene wa ukuta mzima pale kwenye dirisha. Kozi nne za matofali, kuanzia chini ya tofali la kwanza hadi chini ya la tano. Kisha ingia uchochoro wa pembeni, kama upo, uniambie matofali ya mbele yanakunja kona na kwenda umbali gani.

Kuhusu dirisha lililozibwa: tazama kama kozi za ndani ya kizibo zinalingana na za ukuta unaolizunguka. Halafu ndani ya nyumba, nyuma ya kizibo hicho kuna nini?

Kibati cha jua ni alama ya bima ya moto. Kampuni ya Sun Fire Office ilianza 1710, na tarakimu zile ni za hati ya bima. Usimruhusu mtu apande ngazi "kukisafisha". Wakusanyaji wanavipenda mno.

Saruji nitaieleza nikitulia, maana nikianza sasa nitatukana.

Mpangaji_WestStreet

Fundi, asante sana. Nimetoka kazini saa mbili asubuhi nikapitia tepu moja kwa moja, viatu vya kazini bado miguuni. Jirani amenichungulia dirishani kwake akidhani napima nyumba niiuze.

Uso hadi fremu: sentimita mbili na nusu tu. Dirisha limekaa karibu sawa na ukuta.

Unene wote hadi plasta ya ndani: sentimita 29.

Kozi nne: sentimita 26 na nusu. Nimepima sehemu tatu, tofauti ni milimita chache.

Uchochoro upo, upana wa mtu mmoja na baiskeli. Na hapa, fundi, nimecheka peke yangu. Matofali yanakunja kona, yanakwenda kiganja kimoja na nusu, yanakoma! Baada ya hapo ni nguzo ya mbao nyeusi imesimama wima, imepasuka kwa urefu, halafu plasta yenye matuta hadi nyuma kabisa. Nimepita pale na pipa la taka kila wiki kwa mwaka mzima na sikuwahi kuinua macho.

Dirisha lililozibwa: kozi zinalingana kabisa. Hata ule mpangilio wa nyekundu na kijivu unaendelea ndani ya kizibo kama hakuna kilichotokea, ila kizibo kimerudi nyuma kidogo. Na ndani, nyuma yake hasa, unakuja ukuta unaogawa chumba changu na cha mwenzangu. Unagonga katikati ya kizibo.

FundiChokaa

MzeeWaReli, umesikia?

Hilo dirisha halikuzibwa na mtu. Halikuwahi kuwa dirisha. Ukuta wa ndani ulikuwa pale, mchoraji alihitaji tundu la tatu ili uso ulingane, akajenga sura ya dirisha kwa tofali siku ileile alipojenga mengine. Dirisha lililozibwa baadaye lina mshono wima kila upande, matofali yake ni ya rangi na ukubwa mwingine, na kozi zimepishana na za jirani. Sikatai kodi, kodi ilikuwepo na watu waliziba. Ila ukitembea mtaa wa Kijoji ukahesabu vipofu wote kuwa wahanga wa kodi, utakuwa umewasingizia wachoraji wengi ambao walitaka ulinganifu tu.

Sentimita 29 ni nusu tofali, mbao, fito, udongo na plasta. Uchochoro umemaliza kesi.

Dirisha kukaa sawa na ukuta ni dalili nzuri. Sheria ya London ya 1709 ilitaka fremu zirudi ndani inchi nne, kwa hofu ya moto kurukia mbao. Ya 1774 ikataka na boksi la dirisha lifichwe nyuma ya tofali. Miji ya mikoani ilifuata taratibu kama fasheni, si kama amri. Kwa hiyo fremu iliyo usoni hivyo, hapa Surrey, ningeiweka nusu ya kwanza ya karne ya 18, bila kuapa. Kozi nne kwa sentimita 26 na nusu nazo zinakubali: matofali membamba. Ungenipa sentimita 30 na zaidi ningekupeleka karne ya 19.

Nenda pia West Street hapohapo, kwenye jumba la makumbusho ya mji. Linaitwa Willmer House, limejengwa 1718. Usiingie kwanza. Simama mbele ya ukuta, karibu, pua kwenye tofali. Ni moja ya kazi bora za tofali la kukatwa unazoweza kuzigusa bure nchi hii. Tofali lile ni laini, la mchanga mwingi. Walilikata, wakalisugua kwenye jiwe hadi likakaa umbo, wakalipanga kwa chokaa laini iliyolowekwa hadi ikawa kama siagi. Viungo vingine ni milimita moja au mbili. Ukipitisha kucha huoni inapokwama. Mapambo ambayo kwingine yangechongwa kwa jiwe, pale ni tofali. Mimi nikiwa na mwanafunzi mpya simfundishi lolote wiki ya kwanza kabla sijamsimamisha pale.

MzeeWaReli

Nimekubali, nimepigwa kwa tepu ya cherehani.

Lakini fundi, kuna kodi nyingine ya matofali yenyewe, au nayo utaniambia ni ulinganifu?

FundiChokaa

Hiyo ni kweli tupu mzee. Ilianza 1784 kusaidia kulipa gharama za vita vya Marekani, shilingi 2 na peni 6 kwa kila matofali elfu moja. Ilipanda, na ilifutwa 1850. Kwa kuwa ilihesabu idadi, wachomaji wengine wakafyatua matofali makubwa, kama mkate, ili idadi ipungue. Serikali ikashtuka, 1803 ikatoza mara mbili kwa yaliyozidi kipimo fulani. Nyumba ya binti imetangulia mambo hayo.

Ukiwa Lewes, kule Sussex, utaona mbinu nyingine: vigae wanavyoviita vya kihesabu, vinatundikwa kwenye mbao na kujazwa viungo hadi vinafanana na ukuta wa tofali. Watu husema vilibuniwa kukwepa kodi, ila vipo vilivyotangulia 1784, kwa hiyo kodi peke yake haivielezi. Ni vyepesi, na nyumba ya mbao iliyochoka haibebi ukuta wa tofali, inabeba kigae. Ukitaka kuvibaini, gonga. Tofali halijibu, kigae kinalia.

Na tahadhari moja kwa mtu wa Farnham. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji huo ulikuwa na msanifu, Harold Falkner, na mwenzake Charles Borelli, waliopenda Kijoji kuliko Wajoji wenyewe. Walirudishia nyumba nyingi sura ya karne ya 18, na Falkner alikuwa bingwa wa kutumia tena vifaa vya majengo yaliyobomolewa. Kwa hiyo usipite Castle Street ukasema yote ni ya 1740. Nami nimewahi kudanganyika, nikamwambia mteja kwa sauti nene, mbele ya watu, kwamba mlango wake ni wa enzi ya George wa Pili. Bibi wa nyumba ya pili akasema, "Baba yangu aliwaona wakiuweka."

Karani_wa_Ramani

Nafanya kazi za mipango miji, si Farnham. Niongeze la sheria kabla fundi hajaanza kutukana.

Dada, ingia kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria ya Historic England, ni bure mtandaoni, utafute nyumba yenu. Kuna daraja la I, II yenye nyota na II. Nyingi za mitaa ya aina hiyo ni daraja la II. Ikiwa imo, ujue uorodheshaji unashika nyumba nzima, ndani na nje, si uso tu. Kubadilisha kitu kinachogusa tabia ya jengo bila kibali ni kosa la jinai, siyo faini ya kuegesha gari. Kurekebisha kwa kitu kilekile, chokaa kwa chokaa, kwa kawaida hakuhitaji kibali. Kujaza saruji pale palipokuwa na chokaa ni jambo la kumuuliza afisa uhifadhi wa halmashauri kabla, na si baada.

Wewe ni mpangaji, hayo si mzigo wako. Lakini barua ya adabu kwa mwenye nyumba, yenye picha za huo unga unaofagia, haigharimu kitu.

FundiChokaa

Karani kasema vizuri. Sasa saruji.

Ukuta wa zamani hauzuii maji, unayapokea na kuyaachia. Mvua inaingia kidogo, unyevu wa ardhi unapanda kidogo, jua na upepo vinautoa. Njia ya kutokea ni viungo, kwa sababu chokaa ni laini na ina vitundu kuliko tofali. Chokaa ndiyo inayochakaa kwanza, na ndiyo kazi yake. Baada ya miaka kadhaa anakuja mtu kama mimi, anaitoa, anaweka nyingine.

Ukijaza saruji umefunga mlango huo. Maji yaliyo ndani yanatafuta pengine, yanapitia kwenye tofali lenyewe. Chumvi zinajikusanya nyuma ya uso wake. Usiku wa Januari yanaganda, yanavimba. Tofali la zamani lina ngozi ngumu iliyochomwa vizuri na ndani ni laini kiasi, basi ngozi inaruka, na ikisharuka ndani hakuna cha kulinda. Huo ndio unga wako wa Jumamosi. Kiungo cha saruji kinabaki kimesimama kama mbavu, tofali limeliwa katikati yake. Ukipita usiku na tochi pembeni utaziona mbavu hizo.

Dawa ipo, ila ni ya subira. Saruji itolewe kwa patasi na nyundo ndogo, kwa mkono. Atakayekuja na mashine ya kukatia, hasa kwenye viungo vyembamba vya wima, mfukuze, maana atakata vichwa vya matofali na hakuna wa kuvirudisha. Kiungo kisafishwe kina cha mara mbili ya upana wake, kinyunyizwe maji, kijazwe chokaa na mchanga wenye punje za ukubwa tofauti, si ule laini wa plasta. Kisha gunia lenye unyevu juu yake, siku kadhaa, isikauke kwa pupa. Na isifanywe msimu wa baridi. Chini ya nyuzi 5 chokaa haishiki, nami nikiona fundi anajaza viungo mwezi Desemba huwa natamani kushuka garini. Matofali yaliyobanduka mengine yanaweza kutolewa taratibu na kugeuzwa, mgongo uwe uso. Ila kwako, kama vichwa ni nusu zilizovunjwa, hivyo havigeuziki, mgongo wake ni mpasuko. Itabidi kutafuta mengine ya umri wake.

Swali: pembeni ya mlango, kuna uzi mweupe mwembamba katikati ya viungo?

Mpangaji_WestStreet

Upo! Pande zote mbili za mlango na juu yake, kwenye lile tao la matofali. Mweupe, upana kama kamba ya kiatu, umenyooka kabisa. Nilidhani ndiyo chokaa yenyewe.

FundiChokaa

Umedanganywa, na ndivyo alivyotaka. Tazama karibu: kuzunguka ule uzi kuna chokaa iliyotiwa rangi nyekundu sawa na tofali. Matofali yalikuwa ya kawaida, kingo zimeumauma, viungo vinene. Fundi akajaza viungo kwa chokaa nyekundu, akalainisha hadi huoni tofali linaishia wapi, akachora mfereji mwembamba, akauweka uzi wa chokaa nyeupe juu yake kwa rula na kichuma kidogo, akaukata kingo. Ukiwa hatua tatu nyuma unaona kazi kama ya Willmer House, kwa bei ya chini. Nimeufanya, mita moja ya mraba inakula siku.

Huo usiguswe na mtu yeyote. Mwandikie mwenye nyumba leo, na huo uuweke mstari wa kwanza.

Mpangaji_WestStreet

Barua nimeipeleka, na picha kumi na moja. Amenijibu kwamba atamtafuta mtu wa chokaa, na ameuliza nani amenifundisha maneno haya.

Lakini nilikuja kwa jambo jingine. Juu ya kitanda changu kuna mlango mdogo wa kuingilia darini. Jana ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikaomba ruhusa, nikapanda na tochi. Paa la zamani lipo, fundi, mteremko mkali kama ulivyosema, na kile kikuta cha mbele kinaonekana kwa nyuma, kibovu, hakikusawazishwa hata kidogo. Mbao zimeunganishwa kwa vigingi vya mti, sikuona msumari. Na zimechanjwa alama kwa patasi, pale zinapokutana: I, II, III, IIII. Halafu VI. Ya tano sikuipata, nilitambaa mara mbili. Mahali ambapo ingekuwa ndipo dohani inapopita.

FundiChokaa

Hizo ni namba za seremala. Fremu ilikatwa na kujaribishwa chini kwenye uwanja wake, ikafumuliwa, ikaja kusimamishwa kwa kufuata namba. Na ya tano waliikata kupitisha dohani. Maana yake dohani ni mgeni, nyumba ilikuwepo bila yake.

Binti, panda tena. Mbao zilizo karibu na dohani, zile za zamani, pitisha kidole. Ni weusi wa umri au ni masizi?

Mpangaji_WestStreet

Masizi. Nimenawa mara tatu bado vidole vyeusi. Kuanzia III hadi VI tu, I na II ni safi.

FundiChokaa

Basi chini ya hapo, kabla ya dohani, kabla ya sakafu yako, kulikuwa na ukumbi mmoja wazi hadi paani, moto ukiwaka katikati ya ardhi na moshi ukitafuta njia ya kutokea kwenye vigae. Kitanda chako kimening'inia katikati ya moshi huo. Mwambie Karani, hiyo orodha yake pengine imeandika karne ya 18.